Nendeni Mkawaamkie

Katika yote niliyomchukulia mama mkubwa, alichokipenda zaidi kilikuwa ndani ya simu. Siku mbili kabla ya kuondoka Unguja nilikwenda Malindi alfajiri, nikasimama pembeni ya mnada wa samaki nikarekodi dakika 4: dalali anapandisha bei ya changu, mtu anabishana juu ya pweza, muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe vyake. Nilipofika kwake Al Khoudh, Muscat, tulikula kwanza, tukapumzika, kisha nikamwekea simu mapajani. Alisikiliza mpaka mwisho bila ya kusema neno. "Rejesha," akaniambia. Mara ya pili, dalali alipovuta ile sauti ya mwisho kabla ya kuuza, akatabasamu na kufuta macho kwa ncha ya mtandio. "Bado wanavuta vile vile."

Ana miaka 81. Aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa na miaka 20, na tangu hapo amerudi mara 2 tu, zote kwa msiba. Mimi ni mtoto wa mdogo wake, na kabla ya safari hiyo sikuwahi kukaa naye chumba kimoja tukazungumza kwa saa nzima.

Nakuandikieni ninyi nyote wenye mama mkubwa, shangazi, ami au mjomba ng'ambo ya bahari. Ninawaandikia hasa Wazanzibari wenye jamaa Oman, kwa sababu hao ndio ninaowajua, lakini Mngazija mwenye ndugu Marseille na mtu wa Mombasa mwenye dada Toronto ataona mwenyewe panapomhusu. Ninaomba mwende mkawaamkie. Mwende kwa miguu yenu, wangali wanaweza kukutambueni. Na msingoje harusi wala msiba, maana huko kila mtu ana shughuli yake na hakuna anayepata nafasi ya kumsikiliza mwenziwe. Mwende siku za kawaida, mkae, mwaulize wameishi vipi.

Wengi wetu tunawajua jamaa zetu wa nje kwa mambo matatu: namba ya simu, jina la mji na kiasi wanachotuma Ramadhani. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo mimi. Nilijua kwamba mama mkubwa ni mwalimu mstaafu. Sikujua alifundisha nini, wala alifikaje huko, wala kwa nini mkono wake wa kushoto haunyooki.

Njia hii yenyewe si ngeni kwetu. Kila kaskazi ilipovuma, kuanzia Disemba, majahazi ya Oman na Ghuba yalishuka na tende na papa mkavu, yakatia nanga bandarini kwetu, na kusi ilipoanza yakarejea na boriti za mikoko. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika karne ya kumi na tisa, akafa baharini mwaka 1856 akiwa safarini kutoka Oman. Wanawe waligombania urithi, Waingereza wakaamua mwaka 1861 kwamba Oman na Zanzibar ziwe dola mbili, lakini ndani ya nyumba watu waliendelea kuozana na kuzikana kama kawaida. Mtu aliweza kuwa na mama yake Sur na mkewe Pemba, na asione ajabu.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Watu wengi walikufa, wengi wakakimbia. Mama mkubwa alikuwa mwaka wa pili wa mafunzo ya ualimu. Alianzia Dar es Salaam kwa jamaa, mwaka 1967 akaolewa Dubai, na Sultan Qaboos aliposhika nchi Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warejee, yeye na mumewe wakafunga mizigo. Waliingia Muscat mwaka 1972. Oman ya mwaka 1970 ilikuwa na skuli 3 tu za kisasa, zote za wavulana. Ikafunguliwa skuli ya wasichana, wakatafutwa walimu wanawake, na huyu binti wa Unguja aliyesoma hesabu kwa Kiingereza akapelekwa darasani siku ya tatu tangu kufika.

Tatizo lilikuwa lugha. Kiarabu chake kilikuwa cha Msahafu. Aliweza kusoma juzuu nzima bila ya kukosea, lakini hakuweza kumwambia mtoto akafute ubao. Kwa hiyo kila usiku mumewe alimfundisha somo la kesho kwa Kiarabu, neno kwa neno, naye akaliandika kwa herufi za Kizungu kwenye daftari la mistari, na asubuhi akalifundisha kama lake. Ilikwenda hivyo miaka 2. Daftari moja analo mpaka leo. Nimelishika. Ukurasa wa kwanza ameandika neno la Kiarabu la sehemu, kama nusu na robo, na kando yake kwa kalamu nyekundu, kwa Kiswahili: "usione haya, rudia."

Mkono ulivunjika kwenye gari lililowachukua walimu, barabara ikiwa bado ya changarawe. Aliungwa vibaya, akarudi darasani mkono ukiwa umetundikwa shingoni. Hayo yote yametokea katika maisha ya dada wa mama yangu, na sisi huku tulikuwa tukimwita "mama mkubwa wa Maskati" kana kwamba hilo linatosha.

Lazima niliseme hili ingawa linaniuma. Usiku mmoja kule, usingizi umenikataa, nilirudi nyuma kwenye simu yangu nikasoma ujumbe niliomwandikia mwanawe, kaka yangu huyo wa Muscat, kwa mwaka mzima. Ulikuwa ujumbe 23. Katika huo, 17 nilikuwa naomba: ada, dawa, bati, mchango wa arusi. Ujumbe 4 ulikuwa wa kushukuru. Mmoja Idd mubarak. Mmoja tu, baada ya tufani kupiga pwani yao, nilimuuliza kama wako salama.

Kaka mwenyewe amefanya kazi kwenye mambo ya mafuta kwa miaka 28, amestaafishwa mapema, ana mkopo wa nyumba na binti aliyemaliza chuo miaka 3 iliyopita na hajapata kazi. Nilikuwa sijui. Ramadhani iliyopita, pesa alizotutumia alizikopa kwa rafiki. Alinieleza tukiwa tumekaa ndani ya gari, kando ya barabara, tunangoja mishkaki. Mishkaki ile ile yetu, kwenye jiko la makaa, na Waomani wenyewe wanaiita hivyo hivyo. Alipolipa akahesabu baisa mkononi, nikakumbuka kwamba baisa yao na pesa yetu ni neno moja lililotoka Bara Hindi likashuka bandari mbili. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia kwamba hana. Akasema, "Mngeniamini?"

Nimelifikiria sana swali lile. Nadhani tusingemwamini. Tulikwishaamua, bila ya kukaa kikao, kwamba aliye nje anacho.

Na yapo mengine tuliyoyaamua bila ya wao. Kwa nini hawaji? Tunasema wamejifanya Waarabu, wametusahau. Kaka alinambia sababu yake kwa maneno machache: "Tiketi yangu ni nafuu kuliko masanduku." Kila akifikiria kuja anahesabu vichwa: shangazi 5, watoto wa ami 30 na zaidi, majirani, waliomlea mama yake, na kila mmoja atangoja mkono. Mwaka akiwa na tiketi hana masanduku, na akiwa na masanduku hana tiketi. Mara ya mwisho alipita Dar es Salaam kwa kazi siku 3, akakaa hoteli, akaondoka bila ya kutuambia kwa sababu alikuja mikono mitupu. Akaiona Bahari ya Hindi kutoka dirishani na kisiwa cha mama yake kiko upande wa pili.

Ndugu zangu, tukimfanya mtu aone haya kuja kwao kwa sababu hana mashuka ya kutugawia, kosa ni letu. Tulisahihishe sisi. Anayekuja aambiwe kwa simu kabla hajakata tiketi: njoo na nguo zako za kubadilisha, chakula kipo, kitanda kipo. Na tuwe tunamaanisha.

Ukienda huko utakutana na mwaka 1964. Utakuja wenyewe, labda baada ya magharibi, kahawa imeshapita mara mbili. Hapa ninakuomba uwe na subira kubwa kuliko uliyo nayo nyumbani. Katika koo zetu wapo walioacha milango wazi wakakimbia, na wapo waliobaki, na wapo walioshangilia. Mume wa shangazi yangu, upande wa baba, aliamini mpaka anaingia kaburini kwamba Mapinduzi yalimtoa baba yake kwenye kulima ardhi ya mtu. Yule bwana alinilea, alinipeleka chuoni, alinifundisha baiskeli. Kwa hiyo nilikaa mbele ya mama mkubwa nikiwa nimebeba mapenzi ya pande zote mbili, naye ananieleza namna walivyotoka usiku, cherehani ya mama yao imebaki juu ya meza na mkono wa gauni bado uko chini ya sindano.

Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na hoja zangu za ardhi, za uchaguzi wa 1963, za nani alikuwa na nini. Nashukuru nilizimeza. Alizungumza kwa saa nzima. Hakuwa anatafuta hakimu, alikuwa anatafuta mtu wa damu yake aijue ile cherehani. Alipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza mwenyewe: "Na yule mume wa shangazi yako, yuhai?" Nikamwambia alifariki mwaka 1998. Akainua mikono, akamrehemu kwa jina lake kamili na la baba yake.

Kule Oman waliitwa Zinjibari, alinieleza, na hata wanafunzi wake walicheka matamshi yake. Mwaka 1989 aliporudi Unguja kwa msiba wa bibi yangu, kijana mmoja pale Darajani alimwita Mmanga, akamwambia arudi kwao. "Nikasema, kwetu ndiyo hapa nilipo, baba, nimekuja kumzika mama yangu." Alilisema bila ya hasira. Mimi ndiye niliyeona haya.

Tunalo somo la zamani la mlango uliofungwa. Sayyida Salme binti Said, ambaye Wazungu wanamjua kama Emily Ruete, aliondoka Unguja mwaka 1866 akaenda kuolewa na Mjerumani. Miaka 19 baadaye, mwaka 1885, alirudi na watoto wake kutaka kuonana na jamaa zake. Ndugu yake, Sayyid Barghash, ndiye aliyekuwa sultani, na hakumpokea. Alikuja tena mwaka 1888, akaondoka tena bila ya kupata alichokitaka, akafariki Ujerumani mwaka 1924. Ilikuwapo siasa nyuma yake, ilikuwapo mali, ilikuwapo dini, na wanahistoria wanazo sababu zao. Jumba la Makumbusho la Kasri, karibu na Forodhani, liliwekwa chumba chake, na watalii walikuwa wakipita na kamera. Kila nilipoingia humo nilifikiria jambo moja tu: alivuka bahari zote zile mpaka akafika mbele ya nyumba ya nduguye, na nduguye alikuwamo ndani.

Nirudi Al Khoudh. Siku 3 za mwanzo nilifanya kosa ambalo ninataka mwenzangu usilifanye: nilizungumza mimi. Niliona nimekuja na habari, basi nikazimwaga. Nani kaoa, nani kajenga, barabara imefika wapi, sehemu ya jengo la Beit al Ajaib iliangukaje Disemba 2020. Mama mkubwa alisikiliza kwa adabu. Siku ya nne nikachoka, nikanyamaza, na hapo ndipo alipoanza yeye.

Alianzia mtaani kwetu, nyumba kwa nyumba, kama anayepita kupeleka sahani za futari. Nyumba ya fundi saa. Nyumba ya yule mama aliyepika bajia na hakukopesha mtu. Nyumba yenye kisima ambacho wasichana walikatazwa kukiendea peke yao. Alitaja sinema ya Majestic, Vuga, na siku ambazo wanawake walikwenda pamoja kwa mabuibui. Alitaja bustani ya Jubilii, ikanichukua muda kufahamu kwamba anaisema Forodhani. Mjukuu wake wa kike, miaka 15, alikuwa amekaa chini na simu yangu, anarekodi. Kiswahili anakisikia, anajibu kwa Kiarabu, na akijitahidi husema "njoo ule" na "shikamoo". Lakini kila bibi alipotaja jina geni, mtoto yule aliliandika kwenye karatasi, kwa herufi za Kiarabu upande mmoja na za Kizungu upande wa pili, bila ya kuambiwa na mtu.

Tulikuwa tumefika nyumba ya kumi na ngapi sijui, mama mkubwa akanigeukia. "Na yule mdogo wetu wa Wete, mmemwacha na nani?"

Nikamuuliza mdogo wenu yupi.

Alinitazama kana kwamba namchezea. Kisha akaona sifanyi mzaha. Babu yangu, kama wanaume wengi wa mjini wa zamani zile, alikuwa akivuka kwenda Pemba kila msimu wa karafuu, na kule alikuwa na mke. Walimzaa mtoto wa kike mwaka 1955. Mama mkubwa, akiwa na miaka 12, alipelekwa na baba yake msimu wa 1956, akambeba mtoto yule mgongoni miezi mitatu, na wachumaji wakawa wanamtania kwamba amezaa mapema. Babu alifariki mwaka 1965, katika ule mparaganyo, na uzi ukakatika. Mama yangu mzazi, ambaye alifariki mwaka 2009, hakuwahi kunitajia. Huenda alijua akanyamaza kwa heshima ya mama yake, maana ukewenza ulikuwa na mambo yake na si kila jambo liliingia kwenye mazungumzo ya watoto. Simlaumu. Lakini nilikaa pale kwenye zulia, nimevuka bahari kwa ndege, naambiwa habari za mama mdogo wangu anayeishi Pemba, safari ya boti kutoka nyumbani kwangu.

Niliporudi sikukaa hata wiki. Nilipanda boti mpaka Mkoani, nikachukua gari la Wete, nikauliza msikitini. Nilikuwa na jina la babu, jina la mkewe na ile habari ya msimu wa 1956. Kesho yake asubuhi nilionyeshwa nyumba. Alikuwa barazani anasuka ukili, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwamkia, nikajieleza. Hakusimama. Aliendelea kusuka, vidole vinakwenda vyenyewe, kisha vikasita. "Nilikuwa nikisikia nina dada Uarabuni," akasema. "Nilidhani hawanijui."

Sasa niseme tulilolifanya, ili mwone kwamba linawezekana kwa watu wa kawaida. Ukoo wetu umeanzisha upatu wa safari. Tuko 14, kila mmoja anatoa shilingi 20,000 kwa mwezi, zinakuwa 280,000, na kwa mwaka 3,360,000. Kila mwaka anakwenda mmoja kwa niaba ya wote, na anayetangulizwa ni yule ambaye hajawahi kwenda. Masharti tumeyaweka mawili tu: hakuna kubeba orodha ya maombi ya mtu yeyote, na anayerudi anakaa mbele ya ukoo kutueleza aliyoyasikia. Wenye uwezo mkubwa zaidi wanaweza kufanya kikubwa zaidi. Wenye uwezo mdogo waanze na 5,000, wasubiri miaka 3, lakini waanze.

Mambo ya njiani hayana ugumu. Masharti ya viza yanabadilika, kwa hiyo uliza ubalozi mdogo wa Oman ulioko Zanzibar au ubalozi wao Dar es Salaam. Nenda kati ya Novemba na Februari, maana kiangazi chao kinapita nyuzijoto 40 na wazee hawatoki ndani. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa mchana ndipo ukoo unapokusanyika kwenye sinia moja, basi usiikose. Adhuhuri mpaka alasiri watu hulala, usiende kugonga mlango. Kahawa utaongezewa mpaka ukitikise kikombe. Na ukitaka kupeleka zawadi, peleka kitu cha mahali: mkate wa mofa, picha ya skuli aliyosoma, sauti ya mtaa wake. Rekodi kwa ruhusa, andika majina, na nakala zikae nyumba mbili tofauti, zisikae kwenye simu tu. Kama una barua na picha za zamani, zifikishe Nyaraka za Taifa, Kilimani, uwaulize namna bora ya kuzihifadhi.

Nanyi mlioko huko, wito huu ni wenu pia. Njooni na watoto. Mkija, msiishie kwenye hoteli ya Nungwi mkatuita tuje kula chakula cha jioni. Lalani usiku mmoja kwenye nyumba ya bibi, hata kama feni ni moja na umeme unakatika, ili mtoto aamke na adhana ya msikiti ule ule aliyoisikia bibi yake. Mfundisheni Kiswahili kabla bibi hajaondoka. Yule mjukuu wa miaka 15 sasa ananiandikia kila wiki, sentensi tatu, zimejaa makosa, na kila moja ni swali.

Na ninyi wazee wetu, mlioko huku na mlioko huko, msingoje kuulizwa. Semeni nani ni nani. Kama kuna mtoto wa Pemba, semeni. Aliyekuwa siri mwaka 1955 leo ni bibi mwenye wajukuu, na wajukuu wake wanasoma chuo kimoja na wetu bila ya kujua kwamba ni ndugu.

Zamu ya kwanza ya upatu wetu tuliipigia kura, lakini kabla karatasi hazijafunguliwa binamu yangu mdogo alisimama akasema aende mama mdogo wa Wete. Hakuna aliyepinga. Ana miaka 70 na ndiyo kwanza amepata pasi ya kusafiria. Alipigwa picha mara 2 kwa sababu mara ya kwanza alifumba macho. Ndege ni Januari.

Amekwishaamua atakachopeleka. Anamsukia dada yake msala, ukili mwembamba wa rangi nyekundu na nyeusi, na jana usiku alinipigia simu kuniuliza mama mkubwa anasali vipi siku hizi, akiwa amekaa kitini au bado anasujudu chini, ili ajue urefu wa kuusuka. Nilikaa naye wiki 2 nyumba moja, na sikuliangalia hilo. Nimemwambia anipe muda nimuulize. Muscat sasa ni alasiri, atakuwa ameamka.